Kabla Hujapeleka Boti Yako Kwenye Mbio za Ridhaa: Mambo ya Kuzingatia Kuhusu Ukaguzi wa Ufundi

Mtu anayejiandaa kwa mbio za boti za injini hushughulika na mwendo, kona na namna ya kuondoka, akasahau kwamba matokeo mengi huamuliwa kwa mara ya pili nchi kavu, juu ya meza ya mkaguzi, baada ya boti kutolewa majini. Hapa Marekani mbio hizi husimamiwa na chama cha APBA (American Power Boat Association), kilichoanzishwa mwaka 1903, na kimataifa na shirikisho la UIM (Union Internationale Motonautique), lililoundwa mwaka 1922. Kote kuwili zipo daraja za watu wa ridhaa wanaotumia injini za kawaida za kufunga nyuma ya boti, ambazo kanuni inataka zibaki kama zilivyotoka kiwandani. Ndugu zetu wengi waliolelewa na injini za Yamaha kule Mwanza, Kigamboni au Mombasa wanazipenda mbio hizi na wananiuliza waanzie wapi. Nawajibu waanzie kwenye ukaguzi, kwa sababu hapo ndipo nilipoona watu wanaumia.

Yaliyo wazi niyamalize upesi. Leseni iwe hai. Kofia ngumu iwe ya kiwango kilichoandikwa kwenye kanuni za mwaka huu, si za mwaka ulioinunua. Jaketi la kuokolea maisha lisiwe na mshono uliofumuka, na kamba ya kuzimia injini uijaribu mbele ya mkaguzi kabla hajakuomba. Mambo ya usalama hayana mjadala wa haki wala upendeleo; ukikataliwa hapo, rudi ukarekebishe.

Kitabu cha kanuni cha daraja lako usome chote, na usome ukijua kwamba katika daraja za injini za kiwandani kanuni huwa kinyume cha mazoea yetu ya gereji: lile ambalo halijaandikwa kuwa linaruhusiwa, haliruhusiwi. Fundi mzuri wa pwani anajua kukata gasketi kwa karatasi ngumu, kupiga msasa tundu la moshi lililoota masizi, kunyoosha propela kwa nyundo na kuazima kabureta ya mashine nyingine ili mvuvi alale akiwa na samaki. Ufundi huo ni wa kuheshimiwa, lakini kwenye mbio kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kukutoa mashindanoni. Gasketi nyembamba kuliko ya kiwandani hupunguza nafasi ya mwako, yaani pale petroli inapoungulia, na kuongeza mgandamizo. Msasa uliopita kwenye ukingo wa tundu hubadilisha wakati moshi unapoanza kutoka. Mkaguzi hatakuuliza ulikusudia nini, na jibu la kwamba "haikuniongezea kasi" ni jibu ambalo sijawahi kuliona likimwokoa mtu. Nadhani ni sawa lisimwokoe, kwa kuwa tukianza kupima nia za watu badala ya vyuma vyao, mwenye ulimi mtamu atashinda kila wiki.

Uzito nao uupange mapema. Daraja nyingi huweka kiwango cha chini cha uzito wa boti pamoja na dereva wake, na mizani husubiri baada ya mbio, wakati umeshapoteza petroli na jasho. Lita tano za petroli zilizoungua ni zaidi ya kilo tatu na nusu zilizoondoka, na boti ya mbao iliyokuwa imenywa maji Jumamosi inaweza kuwa nyepesi Jumapili baada ya kuanikwa juani. Basi jipime asubuhi kwenye mizani ile ile ya waandalizi, tangi likiwa tupu, ukiwa umevaa kila kitu, na uongeze uzito wa ziada uliofungwa kwa boliti kadiri kanuni inavyoruhusu. Kama mizani inakutia shaka, beba dumu la lita 20 lililojaa maji: maji yake ni kilo 20, ongeza uzito wa dumu lenyewe, kisha uone mizani inasema nini ikiwa kwenye sakafu ya saruji na inasema nini ikiwa kwenye nyasi. Fanya hivyo kabla ya mbio na mbele ya watu. Anayeilalamikia mizani baada ya kushindwa huonekana mtu wa visingizio hata kama ana haki.

Petroli inunue pale waandalizi walipoelekeza. Petroli ya kawaida ya vituo vya Marekani mara nyingi huwa na ethanoli ya hadi asilimia 10, na kifaa cha kukagulia mafuta hupima jinsi kimiminika kinavyohifadhi chaji ya umeme: petroli safi huwa karibu na 2 kwenye kipimo hicho, ilhali ethanoli hukaribia 24, kwa hiyo kiasi kidogo tu cha ethanoli husogeza mshale waziwazi. Oili ya kuchanganyia nayo huathiri usomaji, na joto la mafuta vilevile. Weka sampuli yako kwenye chupa safi iliyofungwa, andika tarehe na mahali ulipoinunua, na usikubali dumu la petroli kutoka kwa mtu usiyemfahamu eti kwa sababu lako limeisha.

Sasa nije kwenye silinda hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda, ambayo wengi huipuuza na ambayo ndiyo sababu ya kuandika haya yote.

Katika injini ndogo za mizunguko miwili, kanuni huweka ujazo wa chini wa nafasi ya mwako ndani ya silinda hedi, kwa maana nafasi ikipungua mgandamizo huongezeka na injini hupata nguvu isiyo halali. Upimaji wake ni rahisi kuutazama: silinda hedi hufunguliwa na kulazwa chali, nafasi ya mwako ikitazama juu, kipande cha plastiki angavu chenye tundu dogo huwekwa juu yake kwa utando wa grisi, halafu mafuta mepesi humiminwa kutoka kwenye bureti, ile neli ya kioo yenye alama tuliyoitumia maabara za kemia sekondari, mpaka nafasi yote ijae. Kiasi kilichotoka kwenye bureti ndicho ujazo. Kikiwa chini ya kiwango, umetoka.

Kijana mmoja, Mtanzania mwenzetu, alimaliza wa kwanza katika mbio za ziwani mwezi wa Julai, siku ambayo jua lilikuwa linachoma hata turubai. Injini yake ndiyo iliyofunguliwa mwanzo, ikiwa bado haishikiki kwa mkono mtupu. Mkaguzi alikuwa mtu mzima wa kujitolea, mwenye adabu, na simtuhumu kwa hila yoyote. Alikuwa na foleni ya boti na wazazi waliokuwa wakitaka kuondoka. Alilaza silinda hedi mezani pamoja na masizi yake ya siku nzima, akaweka plastiki, akamimina mafuta mekundu. Kando ya nafasi ile, karibu na plagi, kiputo cha hewa cha ukubwa wa punje ya mtama kilikuwa kimejibana chini ya plastiki na hakikutoka. Mkaguzi akasoma bureti akiwa amesimama, akitazama kwa juu. Ujazo ukawa pungufu kwa chini ya nusu ya sentimita moja ya ujazo. Akaandika, akageuza karatasi, akampa kijana kalamu, na kijana, kwa heshima aliyofundishwa nyumbani kwao, akasaini.

Nilipofika na trela nilimkuta ameshaichukua silinda hedi yake, ameipangusa kwa kitambaa chenye petroli na kuitia kwenye kreti. Akaniuliza, "Kaka, Ijumaa nimeipima ikakubali, leo imekuwaje?" Wakati huohuo injini ya aliyemaliza wa pili, iliyokuwa imekaa kivulini ikisubiri zamu, ilikuwa imepoa, ikapimwa na chombo kilekile, na mkono uleule, ikapita. Tulipofika nyumbani tuliipima ya kijana ikiwa baridi na safi, tukakuta imezidi kiwango cha chini. Haikusaidia kitu. Chuma kilikwisha kuondoka mikononi mwa wakaguzi na saini ilikuwa yake.

Itazame hesabu yenyewe, maana ndani yake mna dhuluma isiyo na dhalimu. Kiputo hukalia nafasi ambayo mafuta yangeijaza, kwa hiyo ujazo husomeka mdogo. Masizi hukalia nafasi, ujazo husomeka mdogo. Plagi yenye uzi mrefu kuliko uliotajwa huchomoza ndani, na ujazo husomeka mdogo. Grisi iliyozidi ikamwagikia ndani hufanya vivyo hivyo. Mafuta ya baridi yakimiminwa kwenye chuma cha moto hupata joto na kutanuka, na kwa kuwa mafuta hutanuka takribani mara kumi zaidi ya aluminiamu kwa kila nyuzi, kutanuka kwa silinda hedi yenyewe hakutoshi kusawazisha. Karibu makosa yote ya kipimo hiki yanaelekea upande mmoja, upande wa kumtoa mtu asiye na hatia, na yanamwangukia zaidi mshindi kwa sababu yeye ndiye anayefunguliwa injini mwanzo ikiwa ya moto.

Kwa hiyo, kwanza, usiikaribie mipaka. Fundi wako akikuambia amekufikisha kwenye kiwango cha chini kabisa, mwambie arudi nyuma. Nguvu utakayoipoteza ni ndogo kuliko msimu utakaoupoteza. Pili, kabla ya mbio, kwenye kikao cha madereva, uliza kwa sauti kama injini zitaachwa zipoe kabla ya kupimwa, na zitapoa kwa muda gani kwa kila mmoja. Swali likiulizwa asubuhi ni la utaratibu, likiulizwa jioni ni ugomvi. Tatu, wakati wa kipimo simama mezani wewe mwenyewe au mtu wako mmoja anayejua, mikono nyuma, macho kwenye kiputo na kwenye bureti, na omba kwa upole isomwe usawa wa macho. Nne, ukikataliwa, usiguse kitu. Omba kirudiwe pale pale, chuma kikiwa kimepoa, kimesafishwa mbele ya mkaguzi na kimewekwa plagi iliyotajwa kwenye kanuni. Ukilazimishwa kusaini, andika juu ya saini yako kwamba umesaini kuthibitisha kuwapo kwako na si kuyakubali matokeo. Acha silinda hedi mikononi mwao, imefungwa na kutiwa alama, mpaka rufaa iishe.

Pingamizi liwe la maandishi, liwe ndani ya muda uliowekwa na kitabu, na liambatane na ada yake. Kwa hiyo nenda na fedha taslimu na kalamu, kwa sababu muda huo ni mfupi na hausubiri uende benki. Taja kifungu. Eleza kasoro moja au mbili za kipimo unazoweza kuzithibitisha, wala usiandike neno juu ya ukoo wa mkaguzi, hata kama mwanawe anashindana katika daraja hilohilo. Jambo hilo la ndugu lipo kweli katika mbio ndogo, maana wakaguzi hutoka katika familia zilezile zinazoshindana, nalo hushughulikiwa mapema: omba kikaoni kwamba mkaguzi mwenye jamaa katika daraja asikague daraja hilo, na kwamba boti za kufunguliwa, zaidi ya washindi, zichaguliwe kwa bahati nasibu. Ombi la namna hiyo likitoka kwa madereva watatu au wanne kwa pamoja hukubaliwa kwa urahisi zaidi kuliko likitoka kwa mgeni mmoja mwenye lafudhi.

Usidhani pia kwamba kila uamuzi mchungu ni wa kukuonea. Mwaka 1931, katika Mto Detroit, kombe la Harmsworth, la kimataifa la boti za injini, liligombaniwa na Gar Wood, bingwa wa nyumbani, na Mwingereza Kaye Don, aliyekuwa ameshashinda mzunguko wa kwanza. Mzunguko wa pili wote wawili walivuka mstari wa kuanzia zaidi ya sekunde tano kabla ya mzinga wa kuanzia, na wote wawili wakaondolewa, mwenyeji kwa mgeni. Kombe likaishia kwa George Wood, nduguye Gar, aliyekuwa akifuata na boti nyingine ya familia. Waingereza walisema ni mtego na huenda walikuwa na hoja, lakini saa iliyowapima wote ilikuwa ileile, na ndiyo maana uamuzi ule ulisimama.

Yaliyobaki ni tahadhari za kawaida. Lakiri za injini, yaani mihuri inayofungia boliti zake, zipige picha kabla ya kuondoka nyumbani, na usimruhusu mtu afungue boliti yenye lakiri hata kwa nia ya kusaidia. Propela ya akiba iwe ya aina ileile inayoruhusiwa. Usiazime kabureta uwanjani. Ukinunua injini iliyotumika, ifungue yote na uipime kabla hujaikimbiza, kwa kuwa dhambi za mwenye zamani utazijibu wewe. Risiti za vipuri weka kwenye mfuko usiopitisha maji. Kama huielewi vizuri lugha ya kitabu cha kanuni, tafuta mwenzako akusomee kifungu kwa kifungu wiki moja kabla, si asubuhi ya mbio, na sehemu ya pingamizi muisome mara mbili. Beba geji zako mwenyewe, beba tochi, beba maji ya kunywa, na trela likague taa zake, kwa maana polisi wa barabarani nao wana ukaguzi wao.