Kuanza kutafuta historia ya ukoo wako

Anza na mzee aliyekula chumvi nyingi kuliko wote, makaratasi yatasubiri. Mrekodi kwa simu, kwa ruhusa yake, nusu saa tu kila kikao. Usimuulize "mwaka gani?" Uliza kama ilikuwa kabla ya Uhuru wa Tanganyika (1961) au wakati wa Operesheni Vijiji, watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa, miaka ya 1970, ndipo ukadirie.

Wengi hukwama kwenye majina. Mjukuu hurithi jina la babu, nawe ukawafanya watu wawili kuwa mmoja. Tena "babu" aweza kuwa kaka yake babu, kwa hiyo uliza nani alimzaa nani, upande wa mama pia. Andika jina la ukoo, la ubatizo na la utani.

Kisha nenda parokiani: daftari la ubatizo kwa kawaida hutaja wazazi na msimamizi.