Trietilamini kazini: ukungu wa bluu machoni na namna ya kuuzuia

Katika viwanda vya kusubu vyuma, mvuke wa trietilamini, kemikali ya majimaji, hupulizwa kwenye mchanga uliochanganywa na gundi ili ugande kwa sekunde chache. Anayeuvuta kwa saa kadhaa huanza kuona ukungu wa bluu na duara za rangi kuzunguka taa, kwa sababu konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, imevimba maji. Kwa kawaida hali hiyo huisha saa chache baada ya kutoka kwenye mvuke. Kabla haijaisha usiendeshe gari wala kugusa mashine inayozunguka. Usiseme ni uchovu: andika saa na kituo ulichokuwa, umpe msimamizi.

Pua si kipimo, maana harufu ya samaki na amonia huzoeleka haraka. Pima hewa. OSHA, mamlaka ya usalama kazini ya Marekani, inaruhusu 25 ppm (sehemu kwa milioni za hewa) kwa wastani wa saa 8, Umoja wa Ulaya 2 tu. Fuata kiwango cha Ulaya. Macho huathirika hata chini sana ya 25.

Kisha tafuta mvuke unakotokea. Mara nyingi ni gasketi (mpira wa kuziba) ya kalibu iliyochakaa, au hewa ya kusafishia, ile inayosukuma mvuke nje ya mchanga, iliyokatwa mapema ili kuongeza uzalishaji. Mchanga ambao haukusafishwa vya kutosha huendelea kutoa mvuke ukiwa rafuni, kwa hiyo hata rafu zinahitaji feni ya kunyonya hewa. Mnara wa kuoshea hewa hunasa trietilamini kwa asidi. pH ya maji yake ikipanda, yaani asidi ikipungua, mvuke hupita tu. Ipimeni kila zamu. Mvuke huu ni mzito mara 3.5 kuliko hewa, hutambaa sakafuni, na kimiminika chake hutoa mvuke wa kuwaka hata chini ya nyuzi 0 za Selsiasi. Cheche zikae mbali.

Barakoa ya vumbi haizuii chochote hapa. Chujio liwe lile ambalo mtengenezaji ameandika kuwa linafaa kwa trietilamini.

Kimiminika kikiruka jichoni, fungua kope kwa vidole, suuza kwa maji yanayotiririka dakika 15 au zaidi, ukitoa lenzi wakati huohuo, kisha hospitali. Usijaribu kukizimua kwa siki. Kikimwagikia nguo, zivue kwanza, kwani hupenya ngozi, halafu oga.