Kugawa na kupanda tangawizi-mwitu chini ya mwerezi

Dada mmoja hapa Tacoma, jimbo la Washington, Marekani, ana mwerezi mkubwa nyuma ya nyumba, na chini yake nyasi zimegoma kabisa. Nikamwambia apande Asarum caudatum, tangawizi-mwitu inayoota yenyewe kwenye misitu ya huku magharibi, British Columbia hadi California. Ni fupi, sentimita 15 hivi, majani yana umbo la moyo na hayapukutiki wakati wa baridi.

Kwanza kabisa, isiingie kwenye chai. Ukilifikicha jani linanukia tangawizi kweli, lakini si ya ukoo wa ile ya sokoni, na ina asidi ya aristoloki, ambayo huharibu figo na kuleta saratani.

1. Mche. Nunua kitalu cha mimea ya asili, au omba kwa mwenye nao. Msituni usichimbe.

2. Kugawa. Oktoba, mvua zikisharudi. Wengine hungoja Machi. Mimi sioni sababu ya kupoteza mvua yote hiyo. Kata shina linalotambaa kwa mkasi mkali, kila kipande kibaki na majani mawili na mizizi yake.

3. Kupanda na maji. Hapa ndipo wengi hukwama. Watu huona Tacoma ni mji wa mvua, wakasahau kwamba Julai na Agosti ni kukavu, na kwamba matawi ya mwerezi huzuia manyunyu yasifike chini. Kinachofika, mizizi ya mti inakinywa. Kwa hiyo usichimbe shimo moja kubwa. Tafuta nafasi kati ya mizizi kwa uma wa mkono, na ukikuta mzizi mnene kama kidole gumba, uache, sogea pembeni. Wala usimwage kifusi cha udongo mpya juu ya mizizi ya mti ili upate kina, utausonga mti wenyewe. Changanya mboji kidogo, laza shina karibu na uso wa ardhi, lifunikwe sentimita mbili tu; ukilizika sana linaoza. Acha sentimita 30 kati ya mche na mche. Tandaza majani makavu, yasiguse shina la mwerezi.

Kiangazi cha kwanza na cha pili, mwagilia polepole hadi maji yazame. Ingiza kidole kwenye udongo: kikitoka kikavu, mwagilia, hata kama jana ilinyesha. Mimi natumia mpira wa matone. Vile vinyunyizio vya kuzunguka vinalowesha majani na kuita konokono.

4. Konokono uchi. Wanaipenda mno. Wasake usiku kwa tochi, au weka chambo cha fosfeti ya chuma. Chenye metaldehidi sikitaki, kinaua mbwa.

5. Maua. Kuanzia Aprili inua majani uone: rangi ya damu ya mzee, mikia mitatu mirefu, yamelala chini kabisa. Usiyakate. Mbegu zina kipande cha mafuta ambacho sisimizi hukifuata, nao ndio watakaokupandia mbele zaidi.