Kazi ikipotea kwa sababu ya bidhaa za nje: jinsi ya kuomba msaada wa serikali Marekani

Kwa miaka mingi, mfanyakazi wa Marekani aliyepoteza kazi kwa sababu ya ushindani wa bidhaa kutoka nje alikuwa na mpango wake maalumu, Trade Adjustment Assistance, ambao wengi wanaujua kwa herufi TAA. Mpango huo ulianza kwa sheria ya 1962 na kupanuliwa na Sheria ya Biashara ya 1974. Ulilipia mafunzo ya kazi mpya na kutoa posho ya kila wiki baada ya bima ya ukosefu wa ajira kwisha. Hata gharama za kuhamia mji wenye kazi ulisaidia.

Tangu tarehe 1 Julai 2022 mambo yamebadilika. Bunge halikuurefusha muda wake, na Wizara ya Kazi ikapoteza mamlaka ya kuidhinisha makundi mapya ya wafanyakazi. Bado utakutana na maelekezo yanayosema wafanyakazi watatu waungane kupeleka ombi. Ndivyo ilivyokuwa zamani. Leo njia yako inategemea tarehe uliyoachishwa kazi, ila hatua ya kwanza ni moja kwa wote.

Anza na bima ya ukosefu wa ajira

Omba wiki ile ile kazi inapokwisha, kwa sababu majimbo mengi hayalipi wiki zilizopita kabla hujaomba. Unaomba katika jimbo ulilofanyia kazi, hata kama unalala jimbo la jirani. Andaa namba ya Social Security, kibali cha kufanya kazi kama wewe si raia, anwani za waajiri wako wa miezi 18 iliyopita, na barua ya kuachishwa kazi.

Hapa nakuomba uwe makini sana. Ukiletewa karatasi ya kusaini siku ya mwisho, usisaini kabla hujaelewa kila mstari. Mtu aliyeandikiwa kwamba ameacha kazi kwa hiari yake kwa kawaida hunyimwa bima, na kulirekebisha hilo baadaye ni kazi ngumu. Kwenye fomu eleza ukweli kwa ufupi: kazi ilikwisha, au kiwanda kilifungwa.

Baada ya kuomba, lazima utoe taarifa kila wiki, au kila wiki mbili kutegemea jimbo, kwamba uko tayari kufanya kazi na unaitafuta. Ukipata kibarua, taja kipato chake katika wiki uliyofanya kazi, si wiki uliyolipwa. Watu wengi hudaiwa warudishe fedha kwa sababu ya kosa hili tu.

Usimpeleke mtoto wako akakutafsirie. Ofisi zinazopokea fedha za serikali kuu zinabanwa na Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 kuhakikisha lugha haikuzuii kupata huduma, kwa hiyo omba mkalimani wa Kiswahili, hulipi chochote.

Kama uliachishwa kazi kabla ya tarehe 1 Julai 2022

Huenda TAA bado inakuhusu. Kila kundi lililoidhinishwa lina namba inayoanza na TA-W, na unaweza kuitafuta kwa jina la kampuni kwenye tovuti ya Wizara ya Kazi. Kama uliajiriwa na wakala wa vibarua lakini ulifanya kazi ndani ya kiwanda hicho, usijiondoe mwenyewe: vyeti vingi vya idhini hiyo viliwataja pia wafanyakazi wa mawakala. Peleka namba hiyo American Job Center, yaani ofisi ya huduma za ajira inayofadhiliwa na serikali, uombe wakukague wewe binafsi. Baadhi ya mafao yana tarehe za mwisho ambazo huenda zimepita, lakini acha ofisi ikujibu hivyo kwa maandishi.

Kama uliachishwa baada ya hapo

Nenda American Job Center hiyo hiyo na uombe huduma za wafanyakazi waliopoteza kazi pasipo kosa lao, chini ya WIOA, sheria ya 2014 ya mafunzo na huduma za ajira. Ukitaka kujua ofisi iliyo karibu nawe, piga 1-877-872-5627. Huhitaji kuthibitisha kwamba bidhaa za nje ndizo zilizokuondoa. Barua ya kuachishwa kazi au tangazo la kufungwa kwa kiwanda kwa kawaida inatosha.

Wanaume waliozaliwa baada ya 1959 huulizwa kuhusu usajili wa Selective Service, yaani orodha ya serikali ya wanaume wanaoweza kuitwa jeshini. Kama uliingia Marekani kwa mara ya kwanza ukiwa umeshatimiza miaka 26, hukutakiwa kujisajili, kwa hiyo beba hati inayoonyesha tarehe uliyoingia. Nimelitaja hili kwa sababu linaweza kusimamisha ombi la mkimbizi ambaye hana kosa lolote.

Ukitaka mafunzo, usilipe ada wala usianze masomo kabla ya kupata idhini. Shule inapaswa kuwa kwenye orodha ya jimbo ya shule zilizokubaliwa, na fedha ya masomo yaliyoanza bila idhini ni vigumu sana kurudishiwa. Ukishakubaliwa, ijulishe ofisi ya bima kwamba uko kwenye mafunzo yaliyoidhinishwa. Sheria inakulinda usinyimwe malipo kwa sababu uko darasani badala ya kutafuta kazi. Kama Kiingereza ndicho kikwazo, omba kwanza darasa la Kiingereza. Nalo ni sehemu ya huduma zinazogharimiwa chini ya WIOA.

Ukikataliwa

Soma barua siku ile ile inayofika. Muda wa kukata rufaa ni mfupi, na katika majimbo mengi huhesabiwa tangu barua ilipotumwa, si ulipoifungua. Andika kwamba hukubaliani na uamuzi na unaomba usikilizwe, kisha utunze nakala. Wakati unasubiri, endelea kutoa taarifa za kila wiki, kwa sababu ukishinda utalipwa zile wiki ulizozidai tu.