Waombaji wa ruzuku wasomeane maandiko: namna ya kupanga

Tuseme mna maombi 40 ya ruzuku ya utafiti na fedha za kutosha manane. Badala ya kuwabembeleza maprofesa wa nje wasiojibu barua pepe, kila mwombaji anapewa maandiko sita ya wenzake. Darubini za Gemini, zile kubwa za wanaastronomia huko Hawaii na Chile, zimegawa sehemu ya muda wake hivi tangu 2015.

Sharti liwe ndani ya tangazo lenyewe: asiyeleta tathmini zake kwa wakati, andiko lake linaondolewa. Mkilitaja baadaye watalalamika, tena kwa haki. Andiko lisizidi kurasa tano. Sita ya kurasa 20 hakuna atakayeyasoma.

Hatari inajulikana: nikimshusha mwenzangu, napanda mimi. Kwa hiyo pigeni kura ya bahati nasibu mpate kundi A na kundi B, 20 kwa 20. A wasome ya B, B wasome ya A. Kisha, na hapa ndipo watu huteleza, kila kundi liwe na fungu lake, nafasi nne kwa nne. Mkichanganya fedha mwishoni mmerudi kulekule.

Namba nazo zitoke kwenye kura, zisifuate alfabeti wala chuo. A1 asome B1 hadi B6, A2 asome B2 hadi B7, na mkifika B20 mnazungukia B1. Upande wa pili sogezeni hatua moja: B1 asome A2 hadi A7. Hapo kila andiko lina wasomaji sita, na hakuna wawili wanaosomana, kwa hiyo nipe nikupe haipati mlango. Ndugu, msimamizi au mwandishi mwenza akiangukia andiko la mtu wake, badilishaneni na jirani, kisha kagueni upya.

Majina yaondolewe, hata kwenye sifa za faili (“properties”). Jina la mwandishi hubaki humo bila mtu kujua. Sentensi kama “tulivyoonyesha katika utafiti wetu” nayo ifutwe.

Msiombe alama kwa mia. Mkarimu atampa kila mtu 90, mkali hatavuka 60. Ombeni mpangilio: wa kwanza pointi 5, wa mwisho 0, pamoja na udhaifu mmoja uliotajiwa ukurasa. Mkikuta andiko moja lina 5, 5, 4, 5, 4, 0, someni maelezo ya aliyetoa sifuri kabla ya kugusa wastani. Huenda ndiye pekee aliyejumlisha bajeti.