Kuandaa Karakana ya Kuundia Ndege Nyumbani, Tanga

Kabla ya kununua hata ribiti moja (msumari wa kuungia mabati), ulizia Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania masharti ya ndege inayoundwa na mtu binafsi, kisha pima mlango wa gereji, kwa maana mwili wa ndege utakaoungwa ndani sharti upite hapo siku ya kutoka.

Adui mkubwa hapa Tanga ni hewa ya chumvi, hasa kwa nyumba za Raskazone zilizo jirani na bahari. Simamisha mabati ya alumini juu ya mbao, mbali na sakafu ya saruji, wala usiyafunike kwa nailoni inayofungia unyevu ndani. Tupa, yaani kifaa chenye meno cha kusugulia metali, iliyokwisha kutumika kwenye chuma isiguse alumini kamwe, kwani chembe zilizonasa katika meno yake hujikita kwenye bati, na unyevu ukifika, uozo huanzia hapo. Mimi hupaka mpini wa tupa za alumini rangi nyekundu.

Meza ndiyo roho ya karakana. Vuta nyuzi mbili kutoka pembe hadi pembe ya mkabala, zipishane juu ya meza: zikigusana kidogo tu katikati, meza haikupinda, zikiachana au zikisukumana, rekebisha miguu, kwa sababu bawa huchukua umbo la meza lilipoungwa.

Maji yanayojikusanya katika tangi la kompresa, mashine ya kushindilia hewa, yamwagwe kila jioni.