Somo: Kukagua Toyota Crown haibridi kabla hujalipa, na gharama zinazokungoja

Wakuu, salaam. Somo hili ni la anayeitamani Crown haibridi (inayotumia injini ya petroli pamoja na mota ya umeme) ya kizazi kilichoanza mwishoni mwa 2012 hadi 2018, ile ya injini ya lita 2.5 (modeli AWS210). Yangu niliinunua hapa Dar es Salaam, inang'aa nje na ndani, na mwezi wa tano betri kubwa, ile ya mfumo wa haibridi, ikafa. Fundi alipofungua feni inayoipooza betri hiyo, alitoa bonge la vumbi na nywele za mbwa. Mbwa mwenyewe alibaki Japani. Betri ya mtumba pamoja na ufundi vilinila shilingi milioni 3.2.

Hatua ya 1. Lifikie gari likiwa la baridi. Mwambie muuzaji asiliwashe mpaka ufike. Ukikuta boneti ina joto, omba urudi kesho alfajiri.

Hatua ya 2. Kagua njia ya hewa ya betri. Hii ndiyo hatua nisiyotaka uiruke. Betri ya Crown hii ni ya nikeli, takriban volti 230, na iko nyuma ya kiti cha nyuma. Haipoozwi kwa maji. Feni inavuta hewa ya ndani ya gari na kuipitisha kwenye moduli zake, yaani vipande vinavyoiunda betri. Ndiyo maana AC yako si starehe tu: wewe ukipata baridi, betri nayo inapata. Tafuta matundu ya kuvutia hewa eneo la kiti cha nyuma, mulika tochi. Ukiona vumbi limeganda mdomoni, ndani ni zaidi. Kusafisha feni nililipa elfu hamsini, na sasa nasafisha kila mwaka.

Hatua ya 3. Pima kwa mashine ya kusoma kompyuta ya gari, gari likitembea. Kusoma kodi za hitilafu (namba za makosa zilizohifadhiwa kwenye kompyuta) peke yake hakutoshi, maana muuzaji anaweza kuifuta asubuhi hiyo hiyo. Fundi akae pembeni yako aangalie volti za kila fungu la betri unapokanyaga mafuta na unapofunga breki. Mafungu yaende pamoja. Likiporomoka moja wenzake wakibaki juu, betri imeanza safari ya mwisho hata kama dashibodi haina taa. Ikitokea kodi P0A80, inayosema betri kubwa ibadilishwe, hesabu bei ya betri moja kwa moja.

Hatua ya 4. Sikiliza breki. Gari likiwa kwenye READY (taa ya dashibodi inayoonyesha liko tayari kuondoka), bila kugusa pedali, nyamaza dakika mbili. Pampu ya breki ikinguruma mara kwa mara bila sababu, presha inavuja ndani. Hapo mimi ningeachana na gari. Betri ikifa utasimama barabarani. Breki zikifa hutasimama.

Hatua ya 5. Maji ya inveta. Inveta, kifaa kinachobadilisha umeme wa betri kubwa uendeshe mota, ina maji yake na pampu yake ya umeme, mbali na ya injini. Angalia kiwango na rangi. Fundi asiyejua hujaza rejeta ya injini na kuisahau hii.

Oili, plagi, bushi na tairi kagua kama gari lolote.

MASWALI YA WANACHAMA

Kutoka Dodoma: Kaka, fundi ananiambia abadilishe moduli moja tu iliyokufa, laki chache. Nikubali?

Jibu: Ni nafuu ya muda, ndugu yangu. Moduli zote zimezeeka pamoja. Ukiingiza yenye nguvu tofauti, hazijai wala haziishi chaji sawasawa, na baada ya miezi inakufa nyingine. Kama fedha imebana kabisa, fundi azipime zote, achague zinazolingana na azisawazishe kabla ya kufunga. Na asiguse chochote kabla hajachomoa plagi ya usalama (inayokata umeme wa betri kubwa) na kusubiri angalau dakika 10 umeme uishe kwenye inveta, mikononi akiwa na glavu za umeme mkubwa. Akikucheka ukiyataja haya, ondoa gari lako.

Kutoka Arusha: Shikamoo fundi. Nilisafiri wiki tatu, nimerudi gari halifiki READY. Betri kubwa imekufa?

Jibu: Marahaba, ila mimi si fundi, ni mwenye gari. Anza na betri ndogo ya volti 12. Hiyo ndiyo inayoamsha kompyuta. Ikiisha, kubwa hata ikiwa nzima haiitwi. Usikubali kubadilishiwa betri kubwa kabla ndogo haijapimwa. Yangu ilikuwa kama laki nne. Kwa kuwa imefungwa nyuma, nunua aina ya kufungwa ndani ya gari, si ya bei rahisi inayotoa gesi.

Kutoka Mombasa: Huku joto ni la kutisha. Niitunzeje?

Jibu: Egesha kivulini. Ukiliingia gari lililokaa juani, fungua vioo kwanza hewa ya moto itoke, kisha AC. Na usirundike nguo, mifuko wala mtandio wa mama kwenye yale matundu ya nyuma. Hapo umeiziba pua betri.

Kutoka Mwanza: Na ile ya zamani ya V6?

Jibu: Hiyo ni GWS204 ya 2008, lita 3.5. Ina nguvu sana na inakimbia kweli, ila betri yake ni ya volti 288 na umri wake umezidi. Hatua ni zile zile, fedha ya akiba iwe kubwa zaidi.